Waini ya Schioppettino inanukia pilipili manga: wameweka kitu au ndo ilivyo?

Swali: Shikamoo mtaalam. Nililetewa zawadi ya chupa mbili za waini nyekundu kutoka Italia, zimeandikwa Schioppettino, jina ambalo sijawahi kuliona popote. Moja tumeifungua mi na mume wangu. Mi nasikia pilipili manga pua nzima, ye anasema hamna pilipili hapo, anasikia matunda tu, tukabishana mpaka chupa ikaisha. Je, wanaweka pilipili au kemikali? Mtu mmoja kaniambia hiyo zabibu ni adimu sana, sasa ni adimu kwa sababu sio nzuri au vipi? Na hiyo chupa iliyobaki niinywe au niiweke?

Jibu:

Marahaba mdogo wangu. Nianze na huo ubishi wenu, manake ndo swali tamu kuliko yote uliyoniletea: wote wawili mko sawa. Wewe unasikia pilipili kweli na shemeji kweli haisikii, hakubishii tu, na kuna sababu ya kisayansi kabisa ambayo ntakueleza. Hakuna mtu aliyetia pilipili humo. Hakuna kemikali iliyomwagwa. Hiyo harufu imetoka kwenye ganda la zabibu yenyewe.

Kinachonukia pale kinaitwa rotundoni. Ni molekuli moja tu, na ndo hiyohiyo inayoipa pilipili manga ya jikoni sehemu kubwa ya harufu yake, kwa hiyo pua yako haikufananisha, imekitambua kitu chenyewe. Waliogundua rotundoni mara ya kwanza hata hawakuwa na habari na waini, waliipata miaka ya 1960 kwenye vile viazi vidogo vya ndago, hili hili gugu linalosumbua wakulima ukiling'oa leo keshokutwa limerudi, alafu ikabaki kwenye maandiko ya kemia miaka na miaka bila mtu kuihusisha na glasi ya waini. Mpaka mwaka 2008 ndo watafiti wa taasisi ya utafiti wa waini ya Australia, kule Adelaide, wakatoa jibu la swali kama lako, ila wao walikuwa wanauliza kuhusu Shiraz, waini ambayo watu walishaizoea kwamba ina pilipili lakini hakuna aliyejua pilipili inatoka wapi. Kazi yenyewe inafanywa na mashine inayotenganisha harufu moja moja, na mwishoni anakaa mtu ananusa kila kinachotoka, moja baada ya nyingine, mpaka inapita ile anayosema hapo, hiyo ndo pilipili.

Kwa nini ilichukua muda wote huo? Kwa sababu kiasi chake ni kidogo mno. Mtu anayeisikia anahitaji kama nanogramu 16 tu kwenye lita moja ya waini nyekundu, na nanogramu moja ni gramu ukiigawa mara bilioni. Piga hesabu uone, gramu moja ya rotundoni ingetosha kutia harufu ya pilipili kwenye lita zaidi ya milioni 62 za waini! Kwenye pilipili manga yenyewe imo maelfu ya mara zaidi ya ilivyo kwenye zabibu, lakini kwa vile pua inaikamata kwa kiasi kidogo hivo, hata ile chembe iliyoko kwenye zabibu inatosha kujaza glasi.

Sasa tuje kwa shemeji. Watafiti haohao walipowapa watu wanuse, karibu mtu mmoja kati ya watano hakusikia chochote, hata walipowekewa nanogramu 4000 kwenye lita ya maji, wakati wengine kwenye maji walikuwa wameshaisikia kwenye nanogramu 8. Mara mia tano zaidi na bado hamna kitu. Sio kwamba hao watu pua zao mbovu, harufu nyingine wanazisikia vizuri tu, ni hii moja ndo inawapita. Na msije mkafanya jaribio la kumnusisha pilipili ya jikoni alafu ukasema mbona hii anaisikia, manake pilipili ya jikoni ina harufu nyingine chungu nzima mle ndani, ukiitoa rotundoni bado zinabaki za kumwambia hii ni pilipili, pamoja na ule uwasho wa piperini ambao wenyewe ni suala la ulimi. Kwenye waini piperini haimo kabisa. Ndo maana uliposikia pilipili haikukuwasha, ilinukia tu.

Hili jambo mi nalichukulia kwa uzito, kwa sababu nimeona watu wanaaibishwa mezani eti hawajui waini kwa vile hawakusikia alichosikia mwenzao. Watu wawili wanaweza kumiminiwa kutoka chupa moja na kila mmoja akanywa waini tofauti kabisa, na hapo hakuna aliyeshinda.

Turudi kwenye zabibu yenyewe. Schioppettino ni ya Friuli, kaskazini mashariki kabisa mwa Italia, kwenye vilima vilivyoko mashariki ya mji wa Udine, na moyo wake uko kwenye wilaya ndogo inaitwa Prepotto na bonde la pembeni yake linaitwa Cialla. Pale uko mpakani, mto Judrio unapita na ng'ambo ni Slovenia, ambako nako zabibu hii ipo na wanaiita Pokalca. Wengine wanaiita Ribolla Nera, ila usije ukadhani ni ndugu mweusi wa ile Ribolla Gialla inayotoa waini nyeupe, ni aina nyingine kabisa. Udongo wa pale wenyeji wanauita ponca, ni tabaka za mawe laini ya chokaa na udongo zikipishana na mawe ya mchanga, ukiushika mkononi unapukutika, zamani sana palikuwa chini ya bahari. Kaskazini kuna milima ya Alps inayoleta ubaridi, kusini bahari ya Adriatiki inayoleta joto, kwa hiyo mchana jua usiku baridi, na zabibu yenyewe inachelewa kuiva, inakaa kwenye mti mpaka vuli imeshaanza.

Huko kuchelewa na huo ubaridi ndo vinahusiana na pilipili yako. Rotundoni inajijenga kwenye ganda mwishoni mwishoni wakati zabibu inaiva, na inapenda sehemu zenye ubaridi, mwaka wa joto kali inapungua, na hata kwenye shamba moja vichala vilivyokaa kivulini vinakuwa nayo zaidi ya vile vinavyopigwa jua moja kwa moja. Mkulima akipunguza majani sana ili jua liingie, pilipili inashuka. Akiyaacha mengi mno anapata pilipili, lakini pia anahatarisha kupata zabibu ambazo hazijaiva vizuri na ukungu juu yake. Watafiti wa Italia waliipima Schioppettino wakachapisha mwaka 2011, wakaikuta rotundoni kwa kiwango cha wazi kabisa, pamoja na zabibu nyingine nyekundu adimu ya Piemonte, mkoa wa kaskazini magharibi mwa Italia, inaitwa Vespolina, na moja nyeupe ya Austria, Grüner Veltliner, nayo watu wameisifia pilipili yake siku zote. Na wakathibitisha kwamba karibu yote inakaa kwenye ganda. Waini nyekundu inachachushwa pamoja na maganda yake, ndo harufu inapoingilia, ingawa sehemu kubwa zaidi inabaki kwenye makapi na kutupwa.

Hapo pilipili nimemaliza. Sasa swali lako la pili, ni adimu kwa sababu sio nzuri?

Hapana, na hapa naomba univumilie kidogo manake habari yenyewe ni ndefu na mi naipenda. Kuanzia katikati ya karne ya 19 mizabibu ya Ulaya iliingiliwa na balaa tatu kutoka Amerika Kaskazini, kwanza ukungu wa unga, alafu kuanzia miaka ya 1860 mdudu mdogo sana anaitwa filoksera anayekula mizizi, alafu ukungu mwingine wa majani. Mbaya zaidi alikuwa filoksera. Dawa ya kumuua haikupatikana, kilichopatikana ni ujanja wa kupandikiza, unachukua kijiti cha mzabibu wa Ulaya unakiunga kwenye shina la mzabibu wa Amerika ambao mizizi yake inamvumilia huyo mdudu. Maana yake karibu kila mkulima alilazimika kung'oa shamba zima na kuanza upya. Na mtu anayeanza upya, ana madeni, ana watoto, lazima ajiulize apande nini. Aina nyingi za kienyeji hapo ndo zilipopotelea. Watu wa Friuli wengi walipanda Merlot na Cabernet za Ufaransa, zinaiva bila usumbufu, zinazaa, na jina lake mnunuzi analijua. Siwalaumu hata kidogo.

Alafu ikaja vita ya kwanza ya dunia. Mwaka 1915 mpaka 1917 mapigano ya mto Isonzo yalikuwa jirani tu na vilima hivyo, na Oktoba 1917 jeshi la Italia liliposhindwa pale Caporetto Friuli nzima ikavamiwa. Baadae vita ya pili, baadae vijana wakahama kwenda kutafuta kazi viwandani. Schioppettino ikabaki mizabibu michache iliyosahaulika huku na kule, mmoja kwenye kona ya shamba la mzee fulani, mwingine umechanganyika na aina nyingine.

Sasa sikia hii. Mwaka 1970 wanandoa wawili, Paolo na Dina Rapuzzi, walinunua shamba lililotelekezwa kule Cialla, wakaliita Ronchi di Cialla, wakaamua watapanda aina za kienyeji tu. Walipoanza kuitafuta Schioppettino ilibidi wazunguke kwa watu kuulizia mzabibu mmoja mmoja, na yote waliyoipata haikufika hata mia. Hebu fikiria, mmea uliokaa mahali karne na karne, umebaki idadi ambayo mtu anaweza kuitembelea yote. Na tatizo lilikuwa hawaruhusiwi kuupanda! Sheria za mizabibu za Soko la Pamoja la Ulaya zilikuwa na orodha ya aina zinazoruhusiwa kwa kila eneo, na Schioppettino haikuwemo kwenye orodha, nani angeiweka wakati karibu kila mtu ameshaisahau. Kuipanda ilikuwa kosa. Wao wakapanda.

Waliowapa nguvu ni familia ya Nonino, watengenezaji wa grapa, ile pombe kali inayotolewa kwenye makapi ya zabibu, wa pale pale Friuli. Tarehe 29 Novemba 1975 walianzisha tuzo inaitwa Risit d'Aur, kwa ajili ya mkulima atakayepanda aina za kienyeji zinazokufa, Schioppettino ikiwemo, pamoja na Pignolo na Tazzelenghe, yaani walikuwa wanampa mtu zawadi hadharani kwa kitu ambacho sheria imekikataza. Tuzo ya kwanza, mwaka 1976, ikaenda kwa kina Rapuzzi. Na mwaka huo huo, Mei 6, Friuli ikapigwa na tetemeko lililoua watu zaidi ya 900, kwa hiyo kampeni hii ya kuokoa mizabibu iliendelea kwenye mkoa ambao watu walikuwa wanajenga nyumba upya. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1970 ruhusa ikatoka. Waini ya kwanza ya Schioppettino ya Ronchi di Cialla ni ya mwaka 1977, na leo Prepotto na Cialla yote mawili ni maeneo yanayotambuliwa rasmi ndani ya DOC ya Friuli Colli Orientali, yaani eneo la waini ambalo jina lake linalindwa na sheria ya Italia.

Ndo maana nakuambia uadimu wake ni mambo ya mdudu, vita, karatasi na soko. Ubora haukuwa na nafasi kwenye hayo maamuzi. Lakini nikuambie na upande wa pili manake wauzaji hawatakuambia: uadimu sio cheti. Kuna aina zimeachwa kwa haki kabisa, zinatoa waini nyepesi isiyo na ladha au zinaoza kabla ya kuiva, na sasa hivi kwa vile watu wanatafuta vitu adimu unakuta chupa inauzwa kwa bei ya hadithi yake. Schioppettino imejitetea yenyewe kwenye glasi, ndo maana naisemea.

Na tatizo ni kubwa kuliko Friuli. Shirika la kimataifa la mzabibu na waini, OIV, lilitoa ripoti mwaka 2017, aina za zabibu zinazojulikana duniani ni kama 10,000, lakini aina 33 tu zimechukua nusu ya eneo lote lililopandwa. Zingine zote zinagawana nusu iliyobaki, na nyingi zina vipande vidogo tu. Wakati mwingine zinakuwepo bila mtu kujua, kama Carmenère ya Bordeaux ambayo watu walishaiaga, kumbe iko Chile imejaa mashambani inaitwa Merlot, mpaka mwaka 1994 mtaalam wa Ufaransa Jean-Michel Boursiquot alipoitazama akasema hii sio Merlot.

Basi, chupa yako. Kwanza angalia lebo. Kama imeandikwa Schioppettino di Prepotto au Cialla, hiyo imetoka kwenye vilima vyenyewe na mara nyingi imekaa kwenye mapipa ya mbao, ikitunzwa vizuri inaweza kwenda miaka kumi na zaidi. Kama imeandikwa Friuli Colli Orientali tu au sehemu nyingine ya Friuli, inaweza kuwa nzuri sana ila nyingi zimetengenezwa zinywewe mapema, miaka mitatu minne toka mwaka ulioandikwa. Kuiweka maana yake ni sehemu yenye giza, ubaridi wa nyuzi kama 12 mpaka 15 usiopanda na kushuka, chupa imelazwa ili kizibo kisikauke. Kama huna sehemu ya hivo, na wengi hatuna, usiiweke. Joto la kabati la jikoni huharibu waini yoyote ikikaa muda mrefu.

Siku ya kuifungua usiinywe ya moto. Watu wanasema waini nyekundu ni ya joto la chumba, ila chumba walichomaanisha hao waliosema ni cha nchi za baridi. Hii inataka nyuzi 16 hivi, kwa hiyo iweke kwenye friji kama nusu saa kabla. Ikizidi joto kilevi kinapanda puani kinafunika ile pilipili, ikizidi baridi harufu zote zinajifunga na unabaki na uchachu. Glasi iwe pana chini imefunga juu kidogo, mimina theluthi tu, zungusha, nusa kabla ya kunywa. Tafuta urujuani, zambarau mbivu, matunda ya porini meusi, alafu ile pilipili inakuja kwa nyuma. Mwilini ni ya katikati, haijai mdomo kama Shiraz ya nchi ya joto, uchachu wake uko juu na tanini zake, yaani ule ukakasi unaotoka kwenye maganda na mbegu, hazikaushi ulimi sana. Kwao wanainywa na nyama ya bata bukini, ndege wa porini, au frico ambayo ni jibini la Montasio lililopikwa na viazi, kwa hiyo chochote chenye mafuta mafuta kitakubaliana na huo uchachu. Cha pilipili kali mi singekishauri, ile ya kwenye glasi itapotea mara moja.

Usishangae pia kama chupa ya pili ni ya mwaka tofauti na ukaona pilipili imepungua au imezidi, nimeshakueleza habari ya joto na jua. Haijaharibika.

Ukitaka kuendelea na njia hii, tafuta Vespolina ukiipata, wengi kule kaskazini mwa Piemonte wanaichanganya kidogo na Nebbiolo, zabibu nyingine nyekundu ya huko, ila wapo wanaoitoa peke yake. Pignolo na Tazzelenghe nazo ni za Friuli na ziliokolewa wakati mmoja na Schioppettino, lakini tanini zake ni ngumu kweli, zinataka uvumilivu na miaka, kwa mtu anayeanza singemwambia aanzie huko. Na Shiraz, ambayo ndo hiyohiyo Syrah, kutoka sehemu yenye ubaridi itakufundisha pilipili hiyohiyo ikiwa kwenye waini nzito zaidi, ukiziweka mbili pembeni kwa pembeni utaelewa haraka kuliko maelezo yangu yote haya.

Na shemeji msimwache nyuma. Ye kwa vile pilipili haimfikii, yale matunda anayapata bila kitu cha kuyafunika, kwa hiyo mmiminie glasi yake bila kumtajia chochote alafu muulize anasikia tunda gani, uandike pembeni na yako. Ningefurahi sana ukinitumia hayo majibu mawili pamoja na mwaka ulioko kwenye chupa.